Kuchora Picha ya Pikseli kwa Demo ya Commodore 64: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Commodore 64, kompyuta ya nyumbani, ilianza kuuzwa mwaka 1982, na mpaka leo wapo watu, wengi wao Ulaya, wanaoiandikia demo: programu fupi ambazo hazina kazi nyingine ila kuonyesha picha, mwendo na muziki ambao mtu asingetarajia kuupata kwenye mashine ndogo kiasi hicho. Utamaduni huo umekwisha kupata heshima yake rasmi. Ufini iliuingiza katika orodha yake ya urithi hai mwaka 2020, na Ujerumani ikafanya vivyo hivyo mwaka uliofuata. Katika demo nyingi kuna angalau picha moja inayojaza skrini nzima, na mwongozo huu unahusu uchoraji wa picha ya namna hiyo. Mfano nitakaoutumia ni jahazi lililotweka tanga wakati wa machweo. Sikuuchagua kwa mapenzi ya bahari peke yake. Tanga ni pembetatu, mbingu za magharibi zina rangi zinazoingiliana, na kamba ni nyembamba, kwa hiyo picha hiyo moja humkutanisha mchoraji na karibu kila tatizo la mashine hii.

Hatua ya kwanza: jua mipaka ya mashine

Picha za Commodore 64 hutolewa na chipu iitwayo VIC-II, yenye rangi 16 ambazo haziwezi kubadilishwa: nyeusi, nyeupe, nyekundu, feruzi, zambarau, kijani, buluu, manjano, chungwa, kahawia, waridi, kijivu cha kiza, kijivu cha kati, kijani hafifu, buluu hafifu na kijivu cheupe. Chipu hiyo ina namna kuu mbili za kuonyesha picha. Ya kwanza ina pikseli 320 kwa 200, lakini kila kisanduku cha pikseli 8 kwa 8 kinaruhusiwa rangi mbili tu. Ya pili, ambayo ndiyo tutakayoitumia, ina pikseli 160 kwa 200. Kila pikseli ina upana unaokaribia mara mbili ya kimo chake, na kila kisanduku cha pikseli 4 kwa 8 kinaruhusiwa rangi nne. Skrini nzima ina visanduku 40 kwa upana na safu 25 kwa kimo, yaani visanduku 1,000.

Rangi hizo nne hazitoki mahali pamoja, na hili ni jambo la kulishika vizuri kabla ya kuanza kuchora. Moja ni rangi ya usuli, iliyomo katika rejista $D021 (rejista ni kijisanduku cha namba ndani ya chipu, na alama $ huonyesha anwani iliyoandikwa kwa heksadesimali), nayo ni ileile kwa picha nzima. Mbili hutoka katika kumbukumbu ya skrini, ambako kila kisanduku kina baiti moja iliyogawanywa nusu kwa nusu. Ya nne hutoka katika kumbukumbu ya rangi, inayoanzia $D800 na isiyoweza kuhamishwa. Kwa hesabu hiyo, uhuru wako halisi katika kila kisanduku ni rangi tatu, na ile ya nne ni mali ya wote. Anayeona dhiki hiyo ni kubwa mno aikumbuke ZX Spectrum, mwenzake wa mwaka huohuo, ambayo katika kisanduku cha pikseli 8 kwa 8 hutoa rangi mbili na basi.

Kuna namna ya tatu, iitwayo FLI, ambayo huilaghai chipu ili isome rangi mpya katika kila mstari, na hivyo kukigeuza kisanduku kuwa cha pikseli 4 kwa 1. Gharama yake ni kwamba ukanda wa kushoto wa skrini huharibika, na prosesa hushughulishwa karibu muda wote picha inapochorwa. Kwa picha ya kwanza, achana nayo.

Hatua ya pili: tafuta programu inayokukataza

Mtu anaweza kuchora katika programu yoyote ya picha, kisha akaibadilisha kazi yake mwishoni. Nilianza hivyo, nikachora jioni kadhaa kwa raha zangu, na nilipojaribu kuigeuza nikakuta visanduku vingi vina rangi sita au saba. Kuvirekebisha kulinichukua muda mrefu kuliko kuchora upya. Ni bora programu ikuambie palepale kwamba umevuka mpaka. Multipaint hufanya hivyo kwa Commodore 64 na kwa kompyuta nyingine kadhaa za enzi hiyo. Pixcen imetengenezwa mahsusi kwa Commodore 64. Zote hupatikana bila malipo. Pamoja nayo utahitaji VICE, programu inayoiga mashine yenyewe, kwa ajili ya majaribio.

Kipanya cha kawaida kinatosha.

Hatua ya tatu: rasimu juu ya karatasi

Chukua karatasi ya mirabaraba, uweke alama ya mstatili wa mirabaraba 40 kwa 25. Kila mraba mmoja ni kisanduku kimoja. Chora jahazi lako kwa penseli ndani ya mstatili huo bila kujali pikseli, ukijishughulisha na mambo makubwa peke yake: upeo wa bahari uwe wapi, mlingoti uinuke mpaka wapi, foromali, yaani mti unaobeba tanga, ielekee upande gani, na jua lizame nyuma ya nini. Faida ya karatasi hii ni kwamba utaona mapema ni mistari gani inayokata katikati ya mraba na ni ipi inayoweza kusogezwa ikalala juu ya mpaka wake. Upeo wa bahari, kwa mfano, hauna sababu yoyote ya kukata kisanduku katikati. Ukiuweka juu ya mpaka wa safu, mbingu na bahari hazitagombania rangi hata mara moja katika upana wote wa picha, na hakuna mtazamaji atakayejua kwamba upeo ulisogezwa kwa ajili hiyo.

Fanya vivyo hivyo kwa ubavu wa jahazi na ukingo wa chini wa tanga kila inapowezekana. Foromali haiwezi kutii mpaka, kwa kuwa imelala mshazari. Hiyo itashughulikiwa baadaye kwa ujanja mwingine.

Hatua ya nne: panga rangi kwa mwangaza kabla ya kuzipanga kwa jina

Wengi wanaoanza huziangalia rangi 16 na kuona nyekundu, kijani na buluu. Mchoraji mzoefu huona ngazi. Katika matoleo ya baadaye ya VIC-II, rangi hizo zimegawanyika katika viwango tisa vya mwangaza, na isipokuwa nyeusi na nyeupe, kila kiwango kina rangi mbili. Kutoka kizani kwenda kwenye mwanga, ngazi ni hii: nyeusi, buluu na kahawia, nyekundu na kijivu cha kiza, zambarau na chungwa, kijivu cha kati na buluu hafifu, kijani na waridi, feruzi na kijivu cheupe, manjano na kijani hafifu, nyeupe. Iandike kwenye kipande cha karatasi ukibandike karibu na skrini yako, kwa sababu utaitazama mara nyingi kuliko rangi zenyewe. Matoleo ya mwanzo kabisa ya chipu yalikuwa na viwango vitano tu, na ndiyo sababu picha ileile huweza kuonekana tofauti katika mashine mbili.

Kutokana na ngazi hiyo, mbingu za machweo hujipanga zenyewe. Juu kabisa weka buluu, chini yake zambarau, kisha waridi, na karibu na upeo weka manjano. Kila rangi iko viwango viwili juu ya iliyoitangulia, hivyo mbingu zitang'aa kwa hatua zilizo sawa bila kuruka. Kwa tanga, linalotazamwa dhidi ya mwanga, tumia kahawia penye kivuli na chungwa penye mwanga, na ukingo unaoelekea jua upewe waridi. Bahari ipewe buluu, na mawimbi machache ya buluu hafifu.

Sasa chagua rangi ya usuli. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuchagua rangi iliyoenea zaidi katika picha, ambayo hapa ni buluu. Lakini mahali palipojaa buluu tupu hapana shida ya rangi. Kisanduku cha bahari kinaweza kuipata buluu kutoka popote. Rangi ya usuli iwe ile inayohitajika katika visanduku vyenye msongamano. Katika picha yetu msongamano uko kwenye mlingoti, foromali, kamba na ukingo wa ubavu, na vyote hivyo vinahitaji nyeusi. Kwa hiyo usuli ni nyeusi, ingawa hakuna eneo kubwa la picha lililo jeusi.

Hatua ya tano: jaza maumbo, kisha tatua migongano

Anza kwa kujaza maumbo makubwa kwa rangi tupu: mbingu kwa mikanda minne, bahari, ubavu wa jahazi, tanga. Usilainishe chochote bado. Hifadhi faili, kisha geuza picha iwe ya kijivu kwa programu yoyote na uitazame kwa mbali. Tanga likionekana wazi dhidi ya mbingu bila msaada wa rangi, endelea. Likipotea, rudi kwenye ngazi ya mwangaza, kwa maana hakuna urembo wa baadaye utakaoliokoa.

Baada ya hapo unakuja mgongano wa kwanza wa kweli. Tazama mahali ambapo foromali inapita juu ya mbingu pale zambarau inapogeuka kuwa waridi. Kisanduku hicho kinataka zambarau na waridi za mbingu, chungwa na kahawia za tanga, na nyeusi ya foromali. Hizo ni rangi tano, na ruhusa ni nne. Programu itakikataa kisanduku hicho, au itabadilisha rangi mojawapo bila kukuuliza.

Zipo njia tatu za kutoka, na nazijaribu kwa mpangilio huu. Kwanza, je, rangi mbili kati ya hizo zina mwangaza sawa? Zambarau na chungwa zimo katika kiwango kimoja. Katika kisanduku hicho kimoja, sehemu ya tanga iliyopaswa kuwa ya chungwa inaweza kupakwa zambarau, na jicho litaiona kama kivuli cha mbingu kilichoangukia nguo ya tanga, si kama kosa. Visanduku jirani vikiwa na chungwa yake, mtazamaji hujaza pengo mwenyewe. Pili, kama hakuna rangi za kubadilishana, sogeza badiliko la mbingu. Mkanda wa waridi si lazima uanze katika mstari uleule kwa upana wote wa picha. Nyuma ya tanga unaweza kuanza safu moja chini, ukafanana na wingu. Tatu, na hii iwe ya mwisho, sogeza umbo lenyewe kwa pikseli moja au mbili. Nasema ya mwisho kwa sababu ukiisogeza foromali mahali pamoja, mshazari wake wote huvunjika, na utalazimika kuichora upya kutoka ncha hadi ncha.

Pita kisanduku kwa kisanduku kwa namna hiyo. Kazi hii ndiyo inayokula muda, na haifai kuharakishwa. Lakini pia ndiyo inayoipa picha sura yake, kwa kuwa wingu lile lililozaliwa kutokana na uhaba wa rangi mara nyingi huwa zuri kuliko mkanda ulionyooka uliokuwa umekusudiwa. Wanaopitisha picha ya kamera katika programu ya kubadilisha na kuuita mchoro hukosa hatua hii, na tofauti huonekana: visanduku vyao vimejaa rangi nne kila kimoja, hata pale ambapo mbili zingetosha, na kingo zimemeguka ovyo.

Hatua ya sita: kingo, nukta na kamba

Kwa kuwa pikseli ni pana, mstari unaoshuka pikseli moja na kwenda pembeni pikseli moja hulala kuliko unavyoonekana kwenye karatasi. Foromali iliyosimama zaidi inahitaji kwenda pembeni pikseli moja kwa kila mistari miwili au mitatu ya kushuka. La muhimu ni mpangilio wa hatua: mbili, mbili, tatu, mbili, mbili, tatu hutoa mshazari safi, ilhali mbili, nne, moja, tatu hutoa foromali iliyokatika. Hesabu hatua hizo kwa macho, usiiachie programu ikuchoree mstari.

Ili kulainisha ukingo, weka pikseli ya rangi iliyo katikati ya ngazi kwenye kona ya kila hatua. Kati ya kahawia ya tanga na waridi ya mbingu, zambarau au chungwa hufaa, na kwa bahati njema mojawapo kwa kawaida imo tayari katika kisanduku. Usilainishe kila kona. Ukingo uliolainishwa kupita kiasi huwa kama ukungu.

Kuchanganya rangi kwa nukta, yaani kuzipanga pikseli za rangi mbili kwa kupokezana kama kwenye ubao wa drafti, hufanya kazi vizuri pale tu rangi hizo zinapokaribiana katika ngazi. Zambarau na waridi zitapendeza. Buluu na manjano zitaonekana kama tofali. Hata hizo zinazokaribiana, pikseli pana huufanya mchanganyo uwe mkavu, kwa hiyo katika mbingu mimi hupendelea kupokezana mistari mizima ya mlalo.

Kamba zina tatizo lao. Pikseli moja ya namna hii ni nene mno kwa kamba inayotoka mlingotini. VIC-II ina spraiti nane, yaani vipicha vidogo vinavyojitegemea, kila moja ikiwa na pikseli 24 kwa 21 za ukubwa mdogo na rangi yake yenyewe, nazo zinaweza kuwekwa juu ya picha. Kamba zikichorwa katika spraiti zitakuwa nyembamba kwa nusu, wala hazitadai rangi kutoka kwenye visanduku. Zungumza na mwandishi wa programu ya demo kabla ya kuzitumia, kwani huenda amekwisha kuzipangia kazi nyingine.

Hatua ya saba: itazame kwenye runinga ya chogo

Skrini ya kisasa huonyesha kila pikseli kama kigae kilichokatwa kwa wembe. Picha hizi hazikukusudiwa kutazamwa hivyo. Runinga ya chogo ya mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika katika sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi na pia Kenya na Tanzania, huchukua rangi ya mstari mmoja na kuipatanisha na ya mstari uliotangulia, lakini mwangaza huuacha kama ulivyo. Matokeo yake, ukipokezana mstari wa buluu na mstari wa kahawia, ambazo zina mwangaza sawa, runinga haitaonyesha mistari kabisa. Itaonyesha rangi ya tatu, ya kiza, isiyomo katika zile 16. Zambarau na chungwa hufanya vivyo hivyo. Hapo ngazi ya mwangaza inalipa kwa mara ya pili, kwani kivuli cha tanga kinaweza kupata rangi ambazo chipu haina.

Asiye na mashine halisi anaweza kuwasha katika VICE mpangilio unaoiga PAL na kioo cha chogo. Tazama picha kwa namna zote mbili, kwa sababu watazamaji wengi wa demo huiona kupitia video kwenye skrini bapa, na mchanganyo unaotegemea PAL peke yake utawafikia kama mistari tu.

Hatua ya nane: ikabidhi kwa demo

Hifadhi picha katika muundo wa Koala, uliopewa jina la programu ya uchoraji ya miaka ya 1980. Faili lake lina baiti 10,003: mbili za anwani, 8,000 za pikseli, 1,000 za kumbukumbu ya skrini, 1,000 za kumbukumbu ya rangi, na moja ya usuli. Likipakiwa kwenye anwani yake ya kawaida, $6000, pikseli huishia $7F3F, data ya skrini huanzia $7F40, ya rangi huanzia $8328, na baiti ya usuli iko $8710. Pikseli zinaweza kubaki zilipo. Data ya skrini haiwezi, kwa kuwa VIC-II hutaka ianze kwenye anwani inayogawanyika kwa 1,024. Inakiliwe hadi $4400, na ya rangi ikiliwe hadi $D800. Kisha weka $3B katika $D011, $18 katika $D016 na $18 katika $D018, nakili usuli kwenda $D021, na ubadilishe biti mbili za chini za $DD00 ziwe 10 ili chipu itazame eneo la $4000 hadi $7FFF. Biti nyingine za rejista hiyo zisiguswe, kwani baadhi yake huendesha mawasiliano na diski.

Picha isiibuke ghafla. Njia rahisi ya kuiingiza taratibu ni jedwali la baiti 16 linaloitaja, kwa kila rangi, rangi iliyo ngazi moja chini yake. Ukilitumia mara kwa mara juu ya kumbukumbu ya skrini na ya rangi pamoja na usuli, picha huzama mpaka nyeusi, na ukiuonyesha mfululizo huo kinyumenyume hupambazuka. Hatua moja hugusa baiti 2,000, wakati fremu moja ya PAL, yaani mchoro mmoja kamili wa skrini, ina mizunguko 19,656 tu ya prosesa. Haitoshi. Gawa kila hatua katika fremu mbili au tatu, jambo ambalo halitaonekana kwa kuwa fremu ni 50 kwa sekunde.

Bila kubanwa, picha moja hula bloku 40 kati ya 664 za upande mmoja wa diski ya 1541, kisoma diski cha Commodore, na kwa kasi ya kawaida ya kifaa hicho huchukua karibu nusu dakika kupakiwa. Exomizer, programu ya kubana mafaili, huibana vizuri, hasa ikiwa kila rangi imewekwa katika nafasi ileile kutoka kisanduku hadi kisanduku: kama buluu ya bahari siku zote hutoka katika kumbukumbu ya rangi, baiti zinazofanana hufuatana na faili hupungua. Hilo lirekebishwe kabla ya kukabidhi, kwa kuwa mwandishi wa programu hatakuwa na muda wa kukufanyia.

Mwisho, tunza mafaili yote uliyohifadhi njiani, tangu maumbo matupu ya hatua ya tano. Mashindano mengi ya picha za namna hii humtaka mchoraji aonyeshe hatua za kazi yake ili kuthibitisha kwamba alichora kwa mkono, na hatua hizo ni vigumu kuzitengeneza baadaye bila kujulikana.